Kabla Hatujageuza Upande

Assalaam alaykum. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Majirani zetu wa upande wa misheni, Tumsifu Yesu Kristo.

Mmeusikia upande wa kwanza. Nimewaona. Wengine mlikunja uso wimbo wa kwanza ulipoanza, na wengine, hasa huyu kijana aliyekalia ndoo pale mlangoni, mguu haukutulia hata dakika moja. Wote mko sawa. Mimi mwenyewe nilikunja uso mwaka 1977. Walioandaa jioni hii waliniomba nizungumze kabla ya santuri kuanza, nikasema hapana, watu wasikie kwanza, halafu nizungumze, halafu tugeuze. Santuri ina pande mbili, na kati ya upande na upande kuna kimya cha kupumulia. Kimya hicho leo mmenipa mimi, nami nashukuru sana.

Santuri hii inaitwa Machine Head. Ni ya Deep Purple, bendi ya Waingereza watano, na ilitoka Machi 1972. Kwa miaka mingi tulidhani jina lake lina maana ya kichwa cha mashine. Sivyo. Ni vile vigingi vya chuma vilivyo kichwani mwa gitaa, vya kukazia na kulegeza nyuzi. Udi nao una vigingi vyake vya mti, na kazi ni ile ile. Jalada hili litapita mikononi mwenu, litazameni. Nyuso zao zimevutika na kupinda kama mtu anayejitazama kwenye sinia jipya, kwa sababu picha ilipigwa wakiwa wanaonekana ndani ya bati lililosuguliwa mpaka likawa kioo, na jina la santuri limegongwa kwenye bati hilo hilo. Hapa pembeni palipomeguka ni kazi ya mende. Naomba mlishike kwa viganja viwili, lina umri mkubwa kuliko wengi wenu.

Jambo la kwanza ninalotaka lieleweke ni kwamba santuri hii haikufika Bagamoyo kutoka Ulaya. Ilitoka Zambia. Wako watu wameniuliza maisha yangu yote, "Fundi, huu muziki wa Wazungu uliupata wapi?" Niliupata kwa mjomba wangu, na mjomba aliupata relini. TAZARA ilipoanza kazi mwaka 1976, yeye alikuwa mmoja wa vijana walioajiriwa, akawa anakwenda na kurudi kati ya Dar es Salaam na Kapiri Mposhi. Zambia ya miaka ile vijana walikuwa wameshika magitaa ya umeme kwelikweli. Kulikuwa na WITCH, kulikuwa na Amanaz, kulikuwa na Musi-O-Tunya, kulikuwa na Paul Ngozi na kundi lake. Leo muziki wao unaitwa Zamrock na santuri zao zinatafutwa dunia nzima. Vijana hao walikuwa wakimsikiliza Jimi Hendrix, wakiwasikiliza Deep Purple, kisha wakapiga vya kwao kwa ladha yao. Kwa hiyo mjomba alipokuja likizo na begi lake, ndani kuna blanketi moja la mama, na ndani ya blanketi kuna santuri, alikuwa ameletewa muziki huu na ndugu zetu. Mimi nausikia hivyo mpaka leo, kama kitu kilichopita Mbeya na Kilombero kabla ya kunifikia.

Nilikuwa na miaka 16, najifunza ufundi redio kwa mzee mmoja hapa hapa mjini, Mungu amrehemu. Tulikuwa na gramafoni ya betri, inayokula betri sita kubwa, na betri zilikuwa ghali, kwa hiyo hakuna aliyeruhusiwa kupiga upande zaidi ya mmoja kwa usiku. Mjomba aliweka upande huu tuliomaliza kuusikia. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi akauliza kama mashine ya kusaga imehamia kwetu. Hakuwa akitania, alitishika. Mimi nilikunja uso, kama nilivyosema. Lakini asubuhi yake, nikiwa nasugua waya kwa kisu, nikajikuta naimba gitaa. Simaanishi maneno, maana Kiingereza changu kilikuwa cha kuhesabu mpaka 20. Naimba gitaa lenyewe, kwa mdomo, ti-ri-ri-ri, lile solo la wimbo wa kwanza. Mwalimu wangu akauliza, "Umemezwa na nini wewe?" Sikuwa na jibu.

Sasa nizungumze kama fundi, maana hapo ndipo mapenzi yangu yalipoanzia.

Kazi yangu kwa miaka zaidi ya 40 imekuwa kuondoa mkoromo. Mtu analeta redio, anasema, "Fundi, inakoroma." Naifungua. Mara ni spika, karatasi yake imechanika. Mara ni chumvi, maana hapa pwani chumvi haisamehi kitu, inaingia kwenye swichi ya sauti, ukizungusha inakwaruza kama unasaga mchanga. Unasafisha kwa spiriti, unachomea risasi upya, sauti inatoka safi, mteja anafurahi, unalipwa. Nilifundishwa hivyo, kwamba sauti safi ndiyo sauti, na mkoromo ni ugonjwa.

Sasa fikirini fundi mwanafunzi wa namna hiyo anasikia santuri ambayo karibu kila kitu ndani yake kinakoroma, na anaambiwa imepigwa na mabingwa, na imerekodiwa kwa mitambo ya mamilioni. Niliifungua gramafoni yetu mara mbili nikitafuta kasoro. Haikuwapo. Mkoromo ulikuwa ndani ya santuri yenyewe, na uliwekwa kwa makusudi.

Aliyenipumbaza zaidi hakuwa mpiga gitaa. Alikuwa Jon Lord, mpiga ogani. Kile alichokuwa akipiga ni ogani ya Hammond, chombo cha ajabu. Ndani yake hakuna mabomba kama ya kanisani. Kuna mota ya umeme inayozungusha magurudumu madogo ya chuma 91, kila gurudumu lina mawimbi yake ukingoni, linapita mbele ya sumaku yenye waya, na hapo unazaliwa umeme unaopanda na kushuka kufuata mawimbi yale. Fundi yeyote hapa ataelewa uzuri wa jambo hilo. Kwa kawaida ogani hii huunganishwa na spika yake maalumu, Leslie, yenye honi inayozunguka, na sauti inatoka laini, inayoyumba kama mtumbwi uliotia nanga. Lord akafanya kitu ambacho mwalimu wangu angemfukuzia kazini. Akaiunganisha na amplifaya ya gitaa, Marshall, akaikoleza mpaka ikazidiwa. Amplifaya ikizidiwa inakata vichwa vya mawimbi ya sauti, na pale palipokatwa panatoka sauti nyingine ambazo hukuzipiga. Ndio mkoromo wenyewe. Ogani ikawa na meno. Sikilizeni upande wa pili, pale gitaa na ogani vinapopiga kitu kimoja, mtashindwa kusema kipi ni kipi. Mimi ilinichukua miaka miwili kujua kwamba ule ukuta wa sauti si magitaa mawili.

Lakini ningesema uongo nikidai kwamba nilielewa yote haya kwa kusoma mambo ya Waingereza. Nilielewa hapa hapa Bagamoyo, kwa kumsikia Mzee Hukwe Zawose. Wazee mnamkumbuka, mtu wa Dodoma aliyekuja kuishi nasi na kufundisha Chuo cha Sanaa, akawa wetu mpaka alipofariki mwaka 2003. Siku moja nilikaa karibu na ilimba yake, karibu kama nilivyo karibu na gramafoni hii. Zile chuma anazozipiga kwa vidole gumba zinatoa sauti safi kama kengele. Ila juu ya sauti ile kulikuwa na mvumo, kama nyuki wamo ndani ya sanduku. Mkono wangu wa ufundi ukaanza kuwasha. Nikadhani sanduku lina ufa. Nilipotazama vizuri nikaona tundu, na tundu limefunikwa utando mwembamba wa buibui, umebandikwa kwa uangalifu kuliko ninavyobandika mimi karatasi ya spika. Wagogo waliuweka pale ili uvume. Bila utando ule, ilimba inasema lakini haisimulii.

Nilirudi nyumbani usiku ule nikaisikiliza Machine Head upya. Kumbe Jon Lord na Marshall yake, na mzee wa Kigogo na buibui wake, walikuwa wakitafuta kitu kimoja. Tangu siku hiyo mteja akiniletea redio inakoroma naondoa mkoromo, kwa sababu ndicho anacholipia, lakini sikuuita tena ugonjwa.

Haya, twende Uswisi.

Desemba 1971 bendi hii ilikwenda Montreux, mji mdogo ukingoni mwa Ziwa Geneva. Hawakutaka kurekodi studio. Walitaka sauti ya jukwaani, na walikuwa wamepatana kuutumia ukumbi wa kasino ya pale, ambao ulikuwa unafungwa kwa ajili ya baridi. Walikodi lori la Rolling Stones lenye mitambo yote ya kurekodia ndani yake. Lori linaegeshwa nje, nyaya zinaingia ndani, mnapiga. Kabla ya ukumbi kufungwa lilibaki onyesho moja tu, la Frank Zappa na bendi yake, tarehe 4 Desemba. Deep Purple walikuwapo, wanasubiri zamu yao.

Katikati ya onyesho mtu mmoja kwenye umati alifyatua bastola ya ishara, ile wanayofyatua mabaharia wakiomba msaada baharini. Moto ukaingia darini. Jengo zima likateketea. Hakuna aliyekufa, na wengi wanamkumbuka Claude Nobs, mwanzilishi wa tamasha la jazi la Montreux, kwa jinsi alivyokimbia huku na huku kuwatoa watu. Vyombo vya Zappa vikaungua. Wale watano wakakaa dirishani hotelini kwao, wakautazama moshi ukishuka na kutanda juu ya ziwa.

Sisi tunaujua moshi wa namna hiyo. Nendeni soko la samaki asubuhi ambapo hakuna upepo, mama zetu wamewasha majiko ya kukaangia, moshi hautaki kupanda, unalala juu ya maji mpaka madau yaliyotia nanga yanaonekana nusu. Nikiusikia wimbo wao kuhusu moshi ule, utakaofungua upande wa pili, siioni Uswisi, ambako sijafika. Naona pale.

Sasa wana lori, limekodiwa, kila siku linakula fedha, na hawana nyumba. Nobs akawatafutia ukumbi mwingine katikati ya mji. Wakaanza kupiga usiku, majirani wakashindwa kulala, polisi wakaja. Walitoka pale na wimbo mmoja tu, tena bila maneno. Hatimaye wakapata hoteli kubwa, Grand Hotel, iliyokuwa imefungwa kwa msimu wa baridi, tupu, haina wageni, haina joto. Wakapanga vyombo kwenye korido. Wakachukua magodoro ya vyumbani wakayasimamisha ukutani ili sauti isirukeruke. Wakaleta mashine za kupasha joto.

Na hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote. Lori lilikuwa nje. Mtu akitaka kwenda kusikia walichorekodi, alilazimika kupita vyumba, apite bafuni, atoke kwenye roshani na baridi ile ya Desemba, aingie kwingine, mpaka afike. Walifanya hivyo mara chache wakachoka. Wakaacha kwenda. Wakawa wanapiga mpaka wao wenyewe, pale koridoni, wanatazamana na kukubaliana kwamba hii ndiyo. Kisha wanahamia wimbo unaofuata. Walianza tarehe 6 Desemba, na tarehe 21 walikuwa wamemaliza santuri nzima. Ndani ya lori alikuwa Martin Birch, fundi mitambo, na mimi kila nikiitazama kazi hii namkumbuka yeye, maana yeye ndiye aliyekuwa kule nje akisikia kila kitu.

Wazee wa dansi mliopo mnatabasamu, najua sababu. Bendi zetu zilirekodi RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa mtindo huo huo, wote chumba kimoja, wote kwa pamoja. Mpiga besi akikosea, mwimbaji anaanza upya pamoja naye. Ndiyo maana nyimbo zile bado zina pumzi ya watu. Vijana wangu mnaorekodi kwenye kompyuta, kila mmoja kwa siku yake, siwalaumu, kazi zenu nazisikia na baadhi nazipenda. Ila naomba mara moja tu mjaribu kupiga pamoja, mkiwa mmetazamana, bila kusikiliza mlichopiga mpaka mmalize.

Na kuna sababu nyingine inayonifanya niisimulie habari hii ya moto hapa na si mahali pengine. Mwaka 2002 ukumbi wa maonyesho wa Chuo chetu cha Sanaa uliteketea. Wengi wenu mlikuwa bado hamjazaliwa. Mimi nilikwenda asubuhi yake. Nilikuta bado panafuka, na mwanafunzi mmoja amekaa chini na ngoma yake mapajani, haipigi, amekaa tu. Nilitaka kumwambia kitu nikakosa. Leo chuo kinaitwa TaSUBa, ukumbi mpya umesimama na ni mkubwa. Lakini kabla ya hapo ilipita miaka, na katika miaka hiyo niliwasikia wakifanya mazoezi chini ya miembe na ufukweni, wakati mwingine upepo ukiwanyang'anya sauti. Nilikuwa napita na baiskeli yangu, nasimama. Mjini watu walisema chuo kimekufa. Nilichokuwa nakisikia mimi hakikuwa kitu kilichokufa. Walikuwa wakisikilizana zaidi kuliko walipokuwa na ukumbi, kwa sababu bila kuta huna budi kumtegea mwenzako sikio. Wakati huo nilikuwa najua habari ya korido na magodoro, nikajisemea moyoni, hawa watarudi na kitu.

Nirudi kwenye santuri, maana kijana wa ndoo ananitazama.

Upande mliousikia una nyimbo nne. Highway Star, ya kwanza, ilianza kutungwa ndani ya basi, bendi ikiwa njiani kwenda Portsmouth, mwandishi wa habari alipowauliza nyimbo zao huzitunga vipi. Ritchie Blackmore akachukua gitaa akaanza kucharaza, Ian Gillan akaanza kuimba, na jioni ile ile wakaipiga jukwaani. Solo la gitaa ndani yake Blackmore alilipanga kabla, noti kwa noti, kwa mpangilio wa Bach. Majirani zangu wa misheni waliwahi kuniambia wanasikia kinanda cha kanisani ndani ya ule wimbo. Hawakukosea hata kidogo. Mwendo wake ni wa basi lililokosa breki, lakini lile solo likifika, kila kitu kimo mahali pake kama kanzu iliyonyooshwa.

Maybe I'm a Leo, wa pili, ni wa taratibu, mzuri, sina mengi. Never Before, wa nne, ndio wao waliouamini, ndio walioutoa kwanza peke yake wakidhani utawika. Kwangu ndio mwepesi kuliko yote. Ungetolewa nisingelia.

Lakini wa tatu. Pictures of Home. Nani alisikia dramu zinavyofungua? Ian Paice, mtu wa mkono wa kushoto, na mpaka leo ndiye peke yake ambaye hajawahi kukosekana katika Deep Purple tangu ilipoundwa mwaka 1968. Anaanza kama mtu anayeshuka ngazi mbio bila kujikwaa. Kisha katikati wengine wananyamaza na Roger Glover anapewa nafasi ya kuzungumza na gitaa lake la besi, jambo ambalo bendi nyingi hazimpi mpiga besi. Wimbo ni wa mtu aliyekwama milimani kwenye baridi anayewaza kwao. Mjomba aliupenda huo kuliko yote. Mimi nilikuwa siujui Kiingereza, yeye akanieleza, tumekaa barazani, kwamba huyu anasema yuko mbali na amekumbuka nyumbani. Mjomba alikuwa na kituo huko mpakani Tunduma ambako usiku baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, naye ni mtu wa pwani. Sikuuliza zaidi.

Nitasema na hili, kwa sababu nimeulizwa. Santuri mnayoisikia leo si ile ya mjomba. Jalada ni lake, santuri siyo. Mwaka 1983 kulikuwa na mtu wa ukumbi mmoja wa disko, mjini Dar es Salaam, aliyeniomba kwa siku mbili. Aliifunga kwenye gazeti, jalada akaniachia akisema atalichafua. Sikuiona tena. Nililia, na mjomba alikuwa ameshafariki. Bahati nzuri nilikuwa nimeshainakili kwenye kanda, kwa kutumia mashine ya mteja, mashine nzuri. Ila redio kaseti yangu mimi ilikuwa imekatika mkanda wa ndani, ule mpira mdogo unaozungusha, na miaka ile vipuri vilikuwa adimu. Nikakata mpira kwenye tyubu ya baiskeli. Ulifanya kazi, lakini ulikuwa mnene na unateleza, kwa hiyo kanda ikawa inakwenda polepole kidogo. Miaka tisa nilisikiliza Machine Head ikiwa nzito, imeshuka, Gillan anaimba kama amekula ugali mwingi. Nikaizoea hivyo. Nikaipenda hivyo.

Mwaka 1992 nikaikuta santuri hii Kariakoo, kwa muuza santuri kuukuu, imebandikwa jina la mtu kwa wino. Nikarudi nayo Bagamoyo kwa lori la mkaa, nimeikumbatia njia nzima, maana barabara ile wakati huo mnaijua ilivyokuwa. Nikaiweka. Nikashtuka. Ilikuwa mbio mno! Sauti imepanda, kila kitu kinakimbia. Nikaanza kurekebisha gramafoni. Nikapima mzunguko kwa saa, mara 33 na theluthi moja kwa dakika, sawasawa. Kumbe ndivyo walivyopiga. Nilikaa kitandani nikaisikiliza yote, pande mbili, kama santuri ngeni ya watu nisiowajua, nami nilikuwa na miaka 31. Si kila mtu anapewa nafasi ya kusikia kitu anachokipenda mara ya kwanza kwa mara ya pili. Baadaye niliiosha kwa maji ya mvua na sabuni kidogo. Msitumie maji ya kisima cha hapa, yanaacha chumvi ndani ya mifereji, halafu sindano inaisoma chumvi.

Sasa upande wa pili. Nyimbo tatu tu. Wa kwanza, Smoke on the Water, ndio mnaoujua hata kama hamjui kwamba mnaujua. Ule mpigo wa gitaa ni wa noti nne. Kila mtoto anayeshika gitaa duniani anaanza nao, na wengi wanaukosea, kwa sababu wanaupiga kwa kipande cha plastiki. Blackmore aliuchuna kwa vidole, nyuzi mbili kwa pamoja, kama mtu asiye na haraka. Huo ndio wimbo ule waliotoka nao kwenye ukumbi walikofuatwa na polisi. Haukuwa na maneno. Siku chache baada ya moto Glover aliamka usingizini na yale maneno ya moshi juu ya maji mdomoni, na wakaandika mambo kama yalivyotokea, moto, Nobs, lori, hoteli, vyote. Hawakuutegemea. Ulikaa ndani ya santuri zaidi ya mwaka kabla ya kutolewa peke yake Marekani mwaka 1973, na huko ukafika nafasi ya 4. Angalieni unavyojengwa. Gitaa peke yake. Kisha ogani na matoazi. Kisha dramu nzima. Besi inaingia mwisho, na ikiingia mtajua kwa kifua kabla ya sikio.

Wa pili, Lazy, unazidi dakika saba. Unaanza na Jon Lord peke yake, ogani inanguruma na kukohoa kama injini ya boti asubuhi. Hapo ndipo nilipotaka kuwaleta tangu mwanzo na habari zangu za utando wa buibui. Lord alifariki Julai 2012. Siku niliyosikia habari hizo nilifunga kibanda saa sita mchana nikaupiga huo peke yake. Wa tatu, Space Truckin', maneno yake ni ya watoto, safari za angani, msiyajali. Shikeni dramu.

Feni naomba mtu aizime, inavuma kwenye spika na mvumo huo hawakuuweka wao. Ahsante. Na wewe mwanangu wa ndoo, sogea huku mbele, njoo uishike santuri. Kwa kingo tu, vidole visiguse mifereji. Haya, igeuze.